Mechi ya Thelathini

Karibu na chumba ninachopanga Dar es Salaam yupo fundi viatu. Akipata soli nene huupasha msumari kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, kisha huuzamisha polepole kwenye mpira, na moshi mwembamba mweusi hupanda na harufu yake. Wapita njia hufunika pua. Mimi husimama. Juzi nilisimama mpaka fundi akaniuliza kama nina kiatu cha kushona, nikamwambia sina, nikaondoka. Lakini tayari nilikuwa na miaka kumi na moja, nimechuchumaa nyuma ya jiko la Bibi pale Madungu, Chake Chake, Pemba, natoboa kipande cha ndara kwa msumari wa moto, na kando yangu kuna manyoya tisa ya kuku niliyoyapata kwa njia ambayo kuku mwenyewe hakuiridhia.

Hivyo ndivyo tulivyotengeneza kinyoya. Jina hilo tuliupa mchezo wenyewe na pia kile kitu kinachopigwa. Unakata duara dogo kwenye soli iliyochakaa, unapandisha vipande viwili kimoja juu ya kingine ili kiwe na uzito, unatoboa matundu tisa, na kabla mpira haujapoa unachomeka manyoya, yote ya bawa la kulia au yote ya bawa la kushoto. Ukichanganya, kinyoya huyumba hewani kama mlevi. Hili nililigundua mwenyewe baada ya kumuuliza binamu yangu Riziki mara nyingi kwa nini vinyoya vyake vinaruka vizuri kuliko vyangu na kunyimwa jibu. Nimesoma chuo kikuu tangu wakati huo, lakini bado nauhesabu kuwa utafiti wangu wa kwanza, na pengine ndio wenye faida.

Riziki alikuwa binti wa Ami Kombo, mdogo wake baba. Nyumba yao na yetu zilitazamana, na katikati palikuwa na ua mmoja wa mchanga mgumu uliofagiwa kila asubuhi. Kamba ya kuanikia nguo ilikatiza ua huo. Mama alianika mapema, akaanua mapema, na ikifika alasiri zilibaki kanga mbili tu juu ya kamba. Hizo ndizo zilikuwa wavu wetu. Raketi tulikuwa nazo mbili za kweli, zawadi ya Shangazi Zuhura aliyeolewa Dubai, na kila nyumba ilitunza yake. Nyuzi zilipokatika, Ami Kombo alizisuka upya kwa mshipi wa kuvulia. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa kuzungusha gurudumu, kufumba jicho moja na kungoja aone linapopinda. Hakuwa msemaji. Baba yangu, karani wa ghala la karafuu, alisema kwa niaba ya wote wawili.

Tulicheza kwa raha tu. Hapakuwa na kikombe, hapakuwa na timu, na mtazamaji wetu wa kudumu alikuwa Bibi, mama wa baba na Ami, aliyekaa barazani na ungo wa mchele akimlaani yeyote anayeangusha kinyoya ndani ya ungo. Lakini msije mkadhani tulicheza kwa upole. Riziki aliwahi kucheza akiwa na homa na mkono umefungwa kitambaa. Mimi niliwahi kuondoka madrasa kabla ya dua kwa sababu siku iliyotangulia alikuwa amenishinda na nisingeweza kungoja. Ukimwuliza yeyote kati yetu tulikuwa tunagombania nini, angekutazama kama uliyeuliza maji yana kazi gani.

Ramadhani ndiyo ilikuwa msimu wetu. Kila siku baada ya alasiri, saa ile ambayo tumbo limeacha kuomba na limeanza kutukana, tulicheza mechi moja ya pointi kumi na moja. Mshindi alichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jiko la Bibi, upande wake. Mwezi ukiisha tulihesabu mistari. Mwenye mingi alikuwa bingwa mpaka Ramadhani nyingine, na aliyeshindwa alipaswa kumwamkia kila asubuhi, mbele ya watu: "Shikamoo, bingwa." Mkilingana, bingwa wa zamani anabaki na ubingwa wake. Sheria hiyo ya mwisho aliitunga Riziki, mwaka aliokuwa bingwa.

Mwaka huo ninaousimulia nilikuwa nimekwisha kumwamkia kwa miezi kumi na moja. Njiani kwenda skuli, mbele ya wenzangu wa darasa, nilitoa shikamoo kwa msichana aliyenizidi mwaka mmoja, naye akiitikia kwa sauti ya bibi kizee, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Wenzangu walicheka mpaka wakachoka kucheka, kisha wakaanza kuona ni kawaida, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku ya ishirini na tisa ya mfungo nilishinda. Kinyoya cha mwisho alikifuata mpaka ukutani, akakigusa kwa ncha ya raketi, kikagonga kanga na kuanguka upande wake. Nilichora mstari wangu wa kumi na tano. Yeye alikuwa na kumi na nne. Mwezi ukiandama jioni ile, mimi ni bingwa. Usipoandama, ipo mechi moja zaidi, na akiishinda tunalingana, na tukilingana narudi kwenye shikamoo mwaka mzima.

Sasa lazima niseme habari ya mwezi, ingawa najua kila msomaji ana mwezi wake na sitaki kumgusa. Nyumbani kwetu Baba aliamini kwamba mwezi ukionekana popote duniani, umeonekana. Ami Kombo aliamini kwamba mtu hufunga na hufungua kwa mwezi wa kwao, ulioonekana na macho ya kwao. Mwaka uliopita nyumba moja ilikuwa imepika pilau na nyingine ingali inafunga, na Bibi, aliyefunga siku hiyo pamoja na Ami, alikaa katikati ya ua akilia kimyakimya kwa ukingo wa kanga. Baada ya hapo alisema kwamba yeye hatamfuata Baba wala Ami tena. Atafuata macho. Akija mtu anayemjua, akamwambia nimeuona, basi.

Na Bibi hakupaswa kufunga hata siku moja. Alikuwa na kisukari. Daktari alimkataza, Baba akamkataza, Ami akamsihi. Aliwajibu wote kwamba daktari kamkataza sukari, hakumkataza Mungu. Mwezi mzima ule alikuwa akipungua mbele ya macho yetu. Mchana alilala na midomo mikavu, na Ami alikuwa akitoka kibandani kwake kila baada ya muda, mikono ina grisi, anachungulia dirishani kama bado anapumua, halafu anarudi kwenye magurudumu yake.

Jioni hiyo ya ishirini na tisa nilifungua kwa tende tatu, nikatoka peke yangu mbio kupanda kilimani, mahali unapoweza kutazama magharibi juu ya mikoko mpaka baharini. Mawingu yalikuwa yamejipanga chini, ya rangi ya jivu, na juu yake palikuwa na mwanya mdogo wa anga la manjano. Nilitazama kwenye mwanya ule mpaka macho yakatoa machozi. Nilitazama kwa nia kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo katika sala yoyote. Hapakuwa na kitu. Mwanya ukajifunga.

Niliporudi niliwakuta wote uani. Baba alikuwa na simu mkononi, uso umefunguka. Shangazi Zuhura alikuwa amepiga kutoka Dubai: huko mwezi umeandama, kesho Idi.

"Nani wa hapa kauona kwa macho yake?" Ami Kombo aliuliza. Msala alikuwa ameshaukunja kwapani kwenda kusali tarawehe.

"Kwani macho ya Dubai si macho?" alisema Baba.

"Macho. Lakini hayajakaa hapa."

"Zuhura dada yako hajakaa hapa?"

"Hakuuona Zuhura. Kasikia, kama weye ulivyosikia."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli la uji mapajani, anamtazama mmoja akimaliza anamtazama mwingine. Riziki alisimama mlangoni kwao. Hakuwa akisikiliza wazee. Alikuwa ananitazama mimi, na polepole akatabasamu.

"Basi kesho ipo ya thelathini," alisema. "Weka shikamoo yako tayari, mwanangu."

Nikasema, "Miye nimeuona."

Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi. Ninachokumbuka ni kwamba ilipokwisha kutoka, ilionekana kuwa kitu cha kawaida kabisa, kama kusema nimekunywa maji. Baba aligeuka. Bibi aliliweka bakuli chini. Ami Kombo akachuchumaa mbele yangu, akauweka msala juu ya mchanga, uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka grisi na tende.

"Umeuonea wapi, mwanangu?"

"Kilimani."

"Saa ngapi?"

"Baada ya adhana. Nlikuwa nishakula tende."

"Ulikuwa juu kiasi gani?"

Nikanyoosha mkono na kuweka vidole viwili, kama nilivyoona wazee wakifanya.

"Ukakaa sana?"

"Haukukaa. Wingu likaufunika."

Nilikuwa najibu vizuri. Nakumbuka hata nilianza kujisikia fahari, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipigwa madrasa kwa kuuliza maswali, na sasa ninaulizwa mimi na sikosi hata moja.

"Na pembe zake," Ami akasema, kwa sauti ileile, "zikitazama wapi?"

Sebuleni kwetu ilining'inia kalenda ya Dubai, na juu yake mwezi mwandamo wa dhahabu, umesimama wima, pembe zake upande wa kulia na nyota katikati. Huo ndio mwezi niliokuwa nimeutazama maisha yangu yote. Wa mbinguni sikuwahi kuutazama vizuri hata mara moja.

"Kule," nikasema, nikaonyesha kaskazini, upande wa Wete. "Ulikuwa umesimama."

Leo najua, na kila mtu mzima aliyekuwa akikaa Pemba na kungoja Idi alijua, kwamba mwezi mchanga wa kwetu hausimami hivyo. Hulala chali, pembe zake zimeelekea juu. Ami Kombo alinitazama. Alifumba jicho moja kidogo, si kwa kusudi nadhani, ni desturi tu ya mkono na jicho la fundi. Nikangoja. Kisha akainuka, akaokota msala wake, akaupangusa mchanga.

"Mtoto hajabaleghe," alisema. "Ushahidi wake haushiki. Siye kesho tunafunga."

"Yaani mwanangu muongo?" Baba aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupanda.

"Sikusema muongo. Nimesema mtoto."

"Miye nakula," alisema Bibi.

Wote walimgeukia. Bibi alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mjukuu wangu kauona. Kama haushiki kwenu, kwangu washika. Kesho nakula."

Ami alikuwa keshafika mlango wa ua. Alisimama. Alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba sasa atasema. Nilikuwa tayari. Nadhani nilitaka aseme. Akafungua mlango, akaenda msikitini.

Asubuhi nilivaa kanzu mpya, nikaenda kusali Idi na Baba katika msikiti wa wenye mwezi wa Baba. Tuliporudi Mama alikuwa akipika pilau na amefunga dirisha la jikoni linalotazama nyumba ya Ami, akipika ndani ya moshi huku anafuta macho, ili harufu isivuke ua. Jambo hilo halikusaidia kitu. Harufu ya pilau ya Idi haijawahi kuheshimu dirisha.

Bibi alikuwa ameketi barazani kwetu na kanga jozi mpya. Hakuwa amegusa kitu tangu alfajiri. Mama alipompelekea chai alikataa kikombe.

"Anipe yeye," alisema. "Yeye ndiye macho yangu."

Basi nikampa mimi. Chai ya rangi isiyo na sukari, na kipande cha mkate wa kumimina kisichozidi kiganja. Alisema bismillahi, akanywa, akafumba macho, na nikaona koo lake likishuka na kupanda. Alikula kama mtoto, kwa uangalifu, akiokota chembe mapajani. Rangi ilianza kumrudi. Kila mgeni aliyeingia kutoa mkono wa Idi, Bibi alimwambia, "Huyu ndiye aliyeuona," na mgeni akaniuliza ulikuwaje, nami nikasimulia. Kufika adhuhuri mwezi wangu ulikuwa na nyota pembeni. Nilikuwa nasimulia vizuri sana.

Nilijiambia mambo mengi siku ile. Kwamba huenda nilikuwa nimeuona na nikasahau. Kwamba Dubai umeonekana, kwa hiyo upo, kwa hiyo mtu anayesema ameuona amesema kitu kilichopo. Kwamba Bibi ni mgonjwa na amepata kula. Yote haya yalikuwa hoja nzuri, na hata leo ukinipa nafasi nitazitetea. Lakini chini yake ilikaa hesabu moja ndogo, kumi na tano kwa kumi na nne, na hiyo haikutaka kutetewa. Ilitaka tu niendelee kukaa barazani.

Baada ya alasiri mlango wa nyumba ya Ami ulifunguliwa na Riziki akatoka na raketi yake. Alikuwa na nguo za nyumbani, midomo imepasuka kwa kiu. Alienda kwenye kamba, akanyoosha kanga, akapima urefu kwa bega lake kama tulivyofanya kila siku, akarudi kwenye mstari wake.

"Mechi," aliniita.

"Hakuna mechi," nilisema kutoka barazani. "Mwezi umeisha. Leo Idi."

"Kwenu."

"Bibi naye anakula."

"Sichezi na Bibi."

Bibi akacheka. Nami nikajaribu kucheka. Riziki hakucheka. Akainua kinyoya, akakiachia, akakipiga. Kilipita juu ya kanga, kikageuka kichwa chini kama vinyoya vyake vilivyogeuka siku zote, kikaanguka katikati ya upande wangu mtupu.

"Moja bila," alisema.

Akainama, akapita chini ya kamba, akaja upande wangu, akakiokota, akarudi. Akapiga tena.

"Mbili bila."

Sheria ilikuwa upande wake. Anayepata pointi ndiye anayeanzisha, na kinyoya kilichoanzishwa sawasawa kikaanguka bila kurudishwa ni pointi. Hatukuwahi kuandika popote kwamba mpinzani lazima awepo. Alikwenda na kurudi, akiinama kila mara chini ya kanga, na kila akiinama alishika kiuno kidogo, maana alikuwa hajanywa tone tangu alfajiri na jua bado lilikuwa limekaa kwenye ua. Hakupiga haraka. Alipiga kila kinyoya kana kwamba mimi nipo pale nakingoja.

"Tatu bila."

Mama alitoka jikoni, akatazama, akarudi ndani. Baba aliniambia, "Muache, atachoka." Lakini nilimjua Riziki. Angefika kumi na moja, angekwenda ukutani, angechora mstari wake wa kumi na tano, na kwa hesabu yake tungelingana. Kwa hesabu yangu mechi haikuwepo. Kila mmoja angekuwa na ukuta wake, kama Baba na Ami walivyokuwa na mwezi wao.

"Nne bila. Tano bila."

"Kwani si uende ukacheze naye?" Bibi aliniuliza. Alikuwa na kikombe chake cha pili mkononi. "Mtoto wa watu anahangaika na jua."

Ningemjibu nini? Kuishika raketi ile ilikuwa ni kusema mwezi una siku thelathini. Ikiwa una siku thelathini, jana haukuandama. Ikiwa haukuandama, mimi niliona nini? Na yeye anakunywa nini?

"Sita bila."

Alipoinama safari hii alisimama kidogo chini ya kamba, mkono kwenye kanga, akipumua. Kisha akaendelea. Saba bila. Sauti yake ilikuwa imekauka, ilitoka kama mtu anayekwaruza sufuria. Sikuwa nikimwonea huruma, wala msinipe sifa hiyo. Nilichokuwa nikiona ni vile vinyoya. Vilikuwa vinyoya vizuri. Kimoja kilishuka polepole kabisa, cha kupiga mtoto mdogo, na mkono wangu ukajikunja wenyewe mapajani kama unashika mpini. Kila kimoja kikianguka kilitoa sauti ndogo mchangani, na hiyo ndiyo sauti niliyoshindwa kuivumilia.

"Nane bila."

Niliingia ndani, nikachukua raketi nyuma ya mlango, nikatoka na kanzu yangu ya Idi, nikasimama kwenye upande wangu. Riziki alinitazama miguu mpaka kichwa.

"Nane bila," alirudia, kunikumbusha.

"Nimesikia."

Alianzisha, nikarudisha. Kilipita mara saba au nane juu ya kanga kabla hajakipiga nje. Nilikuwa nakwenda kuokota niliposikia sauti ya Bibi nyuma yangu, sauti ya kawaida, ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

"Hiyo mechi ya ngapi, mjukuu wangu?"

Sikugeuka. "Ya thelathini, Bibi."

Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya jiko. Kisha nikasikia chai ikimwagwa mchangani, taratibu, mpaka tone la mwisho, na kawa ikifunikwa juu ya sahani. Nilipopata ujasiri wa kutazama, Bibi alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, mikono imelala mapajani, anatazama mchezo.

Baba aliniita kwa jina langu kamili. Bibi akamwambia, "Muache amalize."

Nikamaliza. Kanzu ilininasa miguuni, na pilau niliyoila bila kuitaka ililala tumboni kama jiwe. Yeye alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na shibe, na hakuna aliyefaidika. Nilimkaribia mpaka saba. Akanishinda kumi na moja kwa saba. Hakushangilia. Alikwenda ukutani, akachora mstari wake, akahesabu yote kwa kidole kutoka mwanzo, yake kumi na tano, yangu kumi na tano. Halafu akaketi chini palepale, mgongo ukutani, akangoja magharibi.

Bibi hakula mpaka adhana, ingawa siku yake ilikuwa imeshavunjika. Baada ya Idi ya Ami alifunga siku moja ya kulipa, peke yake, na siku hiyo alizimia jikoni. Walimmwagia maji, wakamtia sukari mdomoni kwa kijiko, akaamka akiwatukana kwa kumfungulisha. Kesho yake akaifunga tena. Hakuwahi kunigombeza. Aliacha tu kuniita macho yake, na mimi kwa mwaka mzima mwingine nilitoa shikamoo kwa Riziki njiani kwenda skuli, na sikuona aibu hata kidogo.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki bwenini, chuoni, kama kisa cha wazee na miezi yao, na mwisho wake ulikuwa mimi: mtoto aliyesema uongo, akasimama na kuukiri kwa kushika raketi. Nilikipenda kisa hicho. Kilinionyesha kuwa nilianza mapema kuipenda kweli. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa ugonjwa wake huohuo, na hakukuwa na wa kukipinga.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Nilimkuta Ami Kombo kibandani kwake, amepindua baiskeli juu chini, anazungusha gurudumu. Nina tabia ya kuuliza kila kitu, na lile nilikuwa sijaliuliza. Nikamwambia, Ami, usiku ule, ulipoiuliza habari ya pembe, ulijua?

"Ulizipeleka Wete," alisema. "Nlijua."

"Kwa nini hukusema?"

Hakuinua macho. Gurudumu lilizunguka mpaka likasimama, akaligusa mahali fulani kwa kidole, akachukua spana.

"Mama alikuwa hajala mchana siku ishirini na tisa," alisema. "Katika nyumba nzima hakuna aliyemuweza. Umekuja weye na mwezi wako umesimama, kakubali kula. Ningesema nini?"

Aliikaza spoku moja, akalizungusha tena gurudumu, akalitazama kwa jicho moja.

"Halafu weye ukaenda ukacheza."